Kitabu cha Tano Hakijatoka

Tarehe 11 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naanza na mwili, maana najua ndiko macho yako yatakakokimbilia kwanza. Niko mzima, ninakula, na goti limeacha kulia kama bawaba. Kikohozi ni cha chumba kizima, si changu peke yangu, kwa hiyo usinishonee fulana nyingine. Wewe je, mgongo? Wamekupa kiti pale kwenye chumba cha ushonaji, au hospitali bado inakukalisha kwenye benchi la wagonjwa na mashuka yamekujaa mapajani? Na Kidoti, binti yangu? Mwambie barua yake ya mwisho nimeikunja na kuikunjua mpaka inataka kukatika vipande vinne. Hajaleta nyingine. Najua, mitihani.

Sasa sikia. Tumemaliza kitabu cha nne tena. Tangu wanihamishie gereza hili la mbali nimewasomea wenzangu *Bonde la Milango* lote, cha kwanza hadi cha nne, na vilipoisha wakanirudisha mwanzo kama mkanda wa redio. Kuna Kinyozi, anayenyoa gereza zima na kuongea kwa niaba yake. Kuna Bwana Mizani, aliyekuwa karani wa kupimia malori, ambaye kila joka likitokea anauliza lina tani ngapi. Na kuna mzee tunayemwita Fundi Saa. Huyu hasemi kitu, ila nikiruka mstari anainua kidole.

Jana nikafika pale pale. Yule binti, Mshika Funguo, anashuka kisimani kumtafuta mdogo wake, mlango wa jiwe unajifunga juu ya kichwa chake, taa inazimika. Basi. Jalada. Kinyozi akaninyang'anya kitabu akakikung'uta, labda kuna ukurasa umejificha.

"Huyu mwandishi hana adabu," akasema. "Mtoto wa watu unamwachaje kisimani miaka saba?"

Ni kweli, miaka saba. Nilikinunua mwaka ule ule waya wa lifti niliyokuwa naitunza ulipokatika, mtu akafa nami nikafungwa, Kidoti akiwa bado hajajua kufunga kamba za viatu. Tafadhali pita tena kwa mwenye duka la vitabu, umuulize kuhusu cha tano.

Wakili akisema lolote juu ya rufaa, utaniambia. Sina haraka, nina nafasi hapa mpaka Kidoti awe mtu mzima. Cheka basi.

Mwanao

—

Tarehe 26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema, nikaiweka kwenye kabati la nyuzi, ikakaa. Kazi zilikuwa nyingi. Wodi ya wazazi imeagiza mashuka mapya na stoo wametuletea kitambaa kinachochanika ukikitazama vibaya. Mgongo wangu una tabia za wakwe, ukishauzoea unakuja na jipya. Kiti wameleta, lakini kina magurudumu. Nikikanyaga cherehani, mimi ndiye ninayeondoka. Wenzangu wamecheka mpaka msimamizi akatoka ofisini.

Kidoti anaendelea vizuri. Amerefuka, magauni niliyomshonea juzi juzi yamekuwa blauzi. Mama yake hajambo, na yule mume wake mwenye duka la rangi hajambo pia.

Kwa mwenye vitabu nilikwenda. Aliponiona tu mlangoni akainua mikono kama aliyeshikiwa bunduki: "Mama, hakijatoka!" Sikuwa hata nimefungua mdomo. Anasema mwandishi ametangaza kwamba sura za mwisho zinamsumbua ila mwaka huu lazima kitoke. Nikamwambia mwaka jana nao ulikuwa "mwaka huu". Akasema kitabu kizuri hakiharakishwi. Nikamwambia hata mimba ina mwisho wake. Wateja wengine wakanigeukia, nikaona aibu, nikanunua penseli nisiyoihitaji.

Ya wakili nitakuandikia nikipata wasaa.

Kula. Jifunike kifua.

Shangazi yako

—

Tarehe 18 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hicho kiti cha magurudumu nimewasimulia wenzangu na sasa una jina humu ndani: Shangazi Dereva. Usikasirike, ni jina la heshima.

Barua yako nimeirudia mara nyingi maana ilikuwa fupi na nilidhani nimeruka kitu. "Kidoti anaendelea vizuri." Shangazi, hilo ni jibu la kumpa jirani anayepita na ndoo. Mimi nataka kujua kama bado anatafuna kola ya sare. Kama bado anasoma akiwa amening'iniza kichwa nje ya kitanda. Ulipomleta mara ya mwisho, kabla sijahamishwa, tulibishana kupitia wavu ni nani aliyeufunga mlango wa kisima. Alisema Mshika Funguo ameufunga mwenyewe, kwa ndani, ili joka lisimfuate. Sikulala kwa kuwaza jambo hilo. Umri ule, akili ile! Muulize kama bado anaamini hivyo, aniandikie mistari miwili tu.

Fundi Saa anaumwa. Wamemsogeza karibu na dirisha apate hewa. Kila asubuhi, kabla ya kusalimia mtu, ananiuliza, "Kimetoka?" Namjibu bado. Anatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa. Kwake si jambo la ajabu, na ataendelea kungoja.

Ule wasaa wa kuandika ya wakili, naomba uutafute.

Mwanao

—

Tarehe 30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Huenda limepotea njiani, au limekaa mezani kwa afisa wa barua. Huenda pia limekaa kwenye kabati la nyuzi. Naomba tu uwe mzima.

Fundi Saa ametutoka. Nakuandikia wewe kwa sababu humu ndani nikilianza Kinyozi ananiomba ninyamaze.

Siku zake za mwisho alikuwa amekwisha, shuka likimfunika unadhani kitanda ni kitupu. Wakati wa chakula aliniita kwa kile kidole chake. Nikainama.

"Yule binti alitoka?"

"Kitabu bado, mzee."

"Sikuulizi kitabu. Nakuuliza binti. Alitoka kisimani?"

Nikasema sijui.

Akanitazama, Shangazi, kama mtu aliyeuziwa saa isiyo na mishale. "Miaka yote unatusomea," akasema, "halafu hujui?" Akageukia ukutani. Kesho yake wakambeba. Kati yangu na mzee yule neno la mwisho ni hilo, sijui. Lingenigharimu nini kusema alitoka? Alitoka, mzee, yuko nje anaota jua, na mdogo wake kamshika mkono. Ningeanza hata kumwelezea rangi ya gauni.

Tangu siku hiyo chumba kimepooza. Bwana Mizani hataki tena kusikia uzito wa kitu chochote. Kinyozi amemkata mtu sikio, naye hajawahi kumkata mtu. Kumbe kilichokuwa kinatuamsha ni kile kitabu kisichokuwepo.

Nakuomba jambo ambalo hujanilea kuomba. Niandikie karatasi mbili. Moja ya kusoma kwa sauti, useme kitabu cha tano kinakuja, kiko mbioni. Waje wafe wakijua kuna kitu kinakuja. Karatasi ya pili iwe yangu peke yangu, na hiyo usiipambe.

Mwanao

—

Tarehe 22 Juni

Mwanangu mpenzi,

Salamu kwako na kwa wote waliomo chumbani mwenu, Kinyozi, Bwana Mizani na wengine nisiowajua majina. Poleni sana kwa msiba wa mzee wenu. Mungu ampumzishe.

Nina furaha kuwaarifu kwamba kitabu cha tano kimekamilika na kiko kiwandani kinachapwa. Mwenye duka amenionyesha picha ya jalada. Ni la kijani, lina kisima, na juu ya kisima unaonekana mkono unaotoka. Wa nani, hawasemi. Ni kinene kuliko cha nne. Kikifika tu, nakala ya kwanza ni yenu, ameniahidi.

Wakili naye ana habari njema. Majaji wanalisoma faili lako kwa makini na wameguswa. Tuwe na subira.

Kidoti anakusalimu sana sana. Anakusubiri kwa hamu, na vitabu vyake vinne amevipanga juu ya meza, nafasi ya cha tano ameiacha wazi.

Mimi sijambo kabisa.

Shangazi yako

—

Tarehe 15 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nilisoma karatasi yako nimesimama juu ya ndoo ili wote wasikie. Nilipofika kwenye mkono unaotoka kisimani, Kinyozi alipiga yowe mpaka askari akaja mbio na rungu. "Kuna nini humu?" Kinyozi akamjibu, "Afande, katoka!" Nusura tufungiwe wote kwa kosa la kutoroka. Wanabishana mkono ni wa kushoto au wa kulia. Bwana Mizani ameuliza kitabu ni kinene kiasi gani, nikamwonyesha kwa vidole, akasema, "Hicho ni kilo na robo," na ndipo nikajua amepona. Mungu akulipe.

Lakini bahasha ilikuwa na karatasi moja.

Niliikung'uta kama Kinyozi anavyokung'uta vitabu. Nikamuuliza afisa wa barua kama kuna iliyodondoka, akaapa hakuna. Mimi niliagiza uongo mmoja, Shangazi. Naona umenishonea suti nzima.

Majaji hawaguswi. Niliwaona mahakamani, wakati mmoja wao alikuwa anachora kwenye kitabu chake huku mama wa marehemu analia. Na Kidoti hapangi vitabu juu ya meza, anaviweka chini ya mto.

Sikulaumu. Niliyefungua mlango huo ni mimi. Ila nadaiwa karatasi ya pili. Nipe, hata ikiwa na neno moja.

Mwanao

—

Tarehe 3 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaishia kuchana karatasi. Msimamizi aliniona nalia juu ya mashuka ya wodi ya wazazi akadhani nimejichoma sindano, akaniletea spiriti na pamba. Nikajifunga pamba kwenye kidole kizima, ningemweleza nini?

Mimi ni mshonaji. Najua pindo likishonwa juu ya uchafu, ukiosha mara mbili uchafu unatokeza. Kwa hiyo leo nafumua.

Rufaa ilitupwa mwezi wa pili. Wakili alinipigia simu nikiwa kazini, nikatoka nje nikasimama karibu na matangi ya maji. Alisema, "Mama, wamekataa, na juu ya hapo hakuna ngazi nyingine." Nilimuuliza kama nimwambie mwanangu sasa au nisubiri. Akanijibu hiyo si kazi ya wakili. Barua yako ya Januari ndiyo iliyokuwa kabatini siku hizo. Wewe unauliza kitabu, mimi nina hukumu mkononi. Nikaona afadhali nijibu la kitabu.

Na kitabu hakipo. Si kwamba kimechelewa, hakitakuwepo. Mwezi wa nane mwandishi mwenyewe amesema redioni, mama mtu mzima, sauti imechoka. Mtangazaji akamuuliza wasomaji wake wasubiri mpaka lini. Akasema: "Wasisubiri. Nimeshuka mle kisimani miaka yote hii nikimtafuta yule binti, simwoni. Nimeacha kuandika." Mtangazaji akacheka akidhani ni utani. Hakuwa anatania. Nilikuwa napiga pasi, nikaunguza shuka. Mwenye duka ameondoa vile vinne dirishani, ameweka madaftari ya shule.

La Kidoti ndilo lililonifunga mkono.

Mume wa mama yake amefungua duka la pili la rangi, mji mwingine, mbali. Walihama mwezi wa sita. Siku mbili kabla hawajaondoka Kidoti alikuja kwangu peke yake, mfuko begani. Akautua mezani akatoa vitabu, kimoja kimoja, vyote vinne.

Nikamwambia, "Hivi si vyako? Baba yako alikuachia."

"Vikae kwako, Bibi."

"Utasoma nini huko?"

"Nitasoma vilivyokwisha."

Nikamsomea lile swali lako la mlango wa kisima. Nilikuwa nimelificha tangu Machi, maana hata barua ulizomwandikia yeye mwenyewe alikuwa hazifungui tena. Nilikuwa nampa, naye ananirudishia zimefungwa vile vile, kwa adabu, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sijui nani kaufunga. Tena Bibi, mimi nimechoka kusubiri. Kila kitu changu kinasubiriwa. Wenzangu shuleni wakiniuliza baba yako yuko wapi nasema anakuja. Tangu darasa la kwanza nasema anakuja. Sasa wananicheka."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo unataka nimwambie nini?"

Akatafuna kola. Ndiyo, bado anatafuna. Akasema, "Usimwambie kitu. Nikimwambia sisubiri, atakufa."

Akafikicha macho akaenda. Kule anamwita yule mtu Baba. Mama yake ameniambia, si kwa ubaya. Ni mtu mpole, mwanangu. Ningependa awe mbaya ili nipate wa kumchukia, lakini anampeleka shule asubuhi na anamngoja getini.

Hiyo ndiyo karatasi ya pili. Ya kusoma kwa sauti sijaandika, na sitaandika tena. Wenzako waambie unavyoona. Sina uzi wa kushona mwingine.

Shangazi yako, anayekupenda

—

Tarehe 9 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Niko mzima. Sikuandika mapema kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuandika, na kalamu nilimwazima mtu makusudi ili nisiwe nayo.

Wenzangu nimewaambia. Nilifikiria kunyamaza, lakini kila siku Kinyozi alikuwa anauliza kiwanda gani hicho kinachapa kitabu kwa mwendo wa konokono. Siku moja baada ya kuhesabiwa nikasema hakuna kitabu, hakijawahi kuwepo, niliomba barua iandikwe. Nilitegemea wanipige. Kinyozi akaniuliza tu, "Na mkono?"

"Hakuna mkono," nikasema.

"Nimeuota ule mkono," akasema. "Mara nyingi."

Tangu hapo ananinyoa kama anavyomnyoa yeyote, haongei. Bwana Mizani aliomba ahamie chumba kingine, akapewa. Vitabu vyangu nimevitoa kwa maktaba ya gereza. Hakuna aliyeniomba nisome, nami sina sauti ya kusomea. Jioni sasa watu wanatazama dari, na mimi natazama dari pamoja nao.

Habari ya rufaa nimeisoma ikapita. Naona mwili uliijua zamani, ulikuwa umeacha kujiandaa. Ya mwandishi ilinikasirisha wiki nzima. Nilimtukana matusi ambayo usingeamini ninayajua. Halafu hasira ikaisha, nikamwonea huruma, mama wa watu, kushuka peke yake kila siku mahali pasipo na mtu.

Ya Kidoti sijaimaliza. Naisoma nusu, nafunga. Nimefika mpaka getini, pale yule mtu anapomngoja, sijavuka. Nilikuwa nadhani mimi ndiye ninayetumikia kifungo hiki. Kumbe tumegawana, na fungu kubwa nimempa mtoto, tena nikawa namwandikia barua za kumkumbusha asilitue.

Mwaka ujao usije kunitembelea. Nauli hiyo, na mgongo huo, hapana. Na barua za Kidoti hutazipokea tena kutoka kwangu, kwa hiyo hutakuwa na kitu cha kumficha.

Ila moja. Kama mama yake atakuruhusu, mpigie simu, umwambie kwa mdomo wako, kwa sauti ya kawaida, usilie. Mwambie hajaniua. Mwambie nimesema mimi mwenyewe kwamba asinisubiri, na akiulizwa baba yake yuko wapi, aseme yuko getini. Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mpaka karatasi imetoboka, utaiona. Mwambie leo hii, Shangazi, siku barua ikifika, kabla sijakuandikia nyingine ya kuikana.

Mwanao